Bwana Udongo wa Nyasubi

Sikuwahi kumwona akinywa maji bila kuyanusa kwanza. Kwetu mgeni akifika hupewa maji kabla hajaulizwa habari za njiani, na mtu anayenusa maji ya mwenyeji wake ni kama amemwambia, mama, nyumba yako chafu. Siku ya kwanza alipofanya hivyo mbele yangu nilimnyang'anya bilauri. Nikamwambia kama pua yake imesoma chuo, basi na tumbo lake likale hukohuko chuoni. Alicheka, akaomba radhi, akanyoosha mkono kuipokea bilauri, akanusa tena, ndipo akanywa.

Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho alichovaa shingoni, lakini mtaani kwetu hakuna aliyelitumia. Bwana Shamba tulimjua, Bwana Afya tulimjua, na huyu, kwa kuwa kila tulipomwona alikuwa ameshika bonge la udongo karibu na pua, tukamwita Bwana Udongo. Ofisi yake ilimleta Nyasubi wakati maji ya visima vyetu yalipoanza kunuka petroli. Wengine tulidhani ni bodaboda waliokuwa wakioshea pikipiki zao visimani, tukawafukuza kwa matusi. Harufu haikwenda nao. Ilifika mahali ukichota ndoo unaona juu ya maji utando wenye rangi rangi, mzuri wa kutazama, na ugali ukiupika kwa maji hayo hata mbwa anaugeuzia mgongo.

Nieleze kidogo habari za kisima changu, maana ndicho kilichotuunganisha mimi na yeye. Kiko uani, nyuma ya mgahawa wangu. Alikichimba marehemu mume wangu, Baba Kulwa, aliyekuwa mchimbaji wa dhahabu huko Geita. Dhahabu haikumtaka. Alirudi na kikohozi, nyundo na tindo, akasema kama ameshindwa kupata kitu kinachong'aa chini ya ardhi, basi atatafuta kinachonyweka. Alichimba peke yake, kiangazi kizima, mpaka akagonga mwamba na maji yakachuruzika pembeni mwake. Hakuniachia shamba wala ng'ombe. Aliniachia Kulwa na Doto, na kisima. Kwa hiyo Bwana Udongo alipokuja na kifuniko cha chuma na kufuli, akasema, "Mama Kulwa, hiki nacho nakifunga," nilikaa juu ya ukingo wa kisima nikamwambia afunge na mimi ndani yake.

Hakunivuta mkono, wala hakuita mgambo kama nilivyotegemea. Alikaa chini, palepale kwenye tope, akanisubiri. Wateja walikula wakamaliza, wakaondoka, jua likazunguka ukuta, na yeye bado amekaa. Mwishoni akasema, "Sisemi kimekufa. Nasema kinaumwa." Nikashuka, si kwa sababu nilimwamini, ila mchuzi ulikuwa unaungua.

Kazi yake ukiieleza kwa mtu wa Nyasubi inachekesha. Alikuja na vijana wake na chombo cha chuma cha kuzungusha kwa mikono, wakatoboa ardhi huku na kule: pembeni ya soko, nyuma ya kanisa, mbele ya saluni. Kila udongo uliotoka aliukata kwa kisu, akaunusa, akautia kwenye mfuko wa nailoni, akausogezea kipimo chake. Halafu akatumbukiza bomba jembamba la plastiki kwenye shimo na kulifunika kofia. Sasa fikiria mji huu. Huku kwetu nusu ya wanaume wamewahi kushuka kwenye duara, shimo la dhahabu, na nusu nyingine wanawadai walioshuka. Wakamwona msomi anatoboa ardhi, ananusa udongo, anauficha kwenye mifuko na kuupeleka Mwanza maabara. Nani angeamini kwamba mtu huyo anatafuta petroli?

Walisema ameona mkanda wa dhahabu unaopita chini ya Nyasubi, na hadithi ya mafuta ni geresha ya kutuhamisha. Aliwakusanya kwenye uwanja wa shule akawaeleza kila kitu kwa uvumilivu. Mzee mmoja, mchimbaji wa zamani, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasimama.

"Mwanangu, umeongea vizuri. Sasa tuambie, mkanda umelala kuelekea wapi?"

Uwanja mzima ulipiga makofi. Keshoye mashimo yake yalikuwa yameng'olewa mabomba, yamepanuliwa kwa sururu, na watu wanaosha udongo wake kwenye makarai pembeni ya mtaro. Hawakupata hata punje. Walipata macho mekundu na vichwa kuuma, na mmoja aliyeshuka chini zaidi alitolewa kwa kamba akiwa hajitambui. Bwana Udongo ndiye aliyemfungua shati na kumpepea mpaka akazinduka. Yule kijana alipofumbua macho akamshika kola akamwuliza kwa sauti ndogo, "Iko chini kiasi gani, bosi?"

Bwana Udongo aliponisimulia hayo alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akakitazama chakula chake bila kukila. "Wangenichukia ningeelewa," alisema. "Lakini wananiamini kabisa, Mama Kulwa. Wanaamini kila kitu isipokuwa ninachosema."

Upweke wake ulianzia hapo. Mtu anayekwenda nyumba kwa nyumba akifunga visima hapendwi, hilo linajulikana. Kisimani ndipo wanawake walipokutana asubuhi, wakasengenya, wakasuluhisha, wakakopeshana chumvi. Alipovifunga, kila mmoja akabaki na bomba la maji ya ziwa uani kwake, siku yanapotoka, na siku yasipotoka anabaki na ndoo zake na mawazo yake. Lawama zote zikamwangukia. Alipoingia mgahawani, benchi lilijaa ghafla, hata lilipokuwa na watu wawili. Harufu ya petroli ilimganda mpaka kwenye nywele, na waliomsogelea walisema inawatoa hamu ya kula. Kanisani aliketi nyuma, karibu na mlango. Alijifunza salamu zetu za Kisukuma, akawa anaamkia wazee, "Mwangaluka," kwa lafudhi inayokwaza masikio, na wazee waliitikia, "Mhola," huku wakitembea.

Krismasi moja nilimkuta amekaa nje ya mgahawa uliofungwa, amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Alisema alidhani sikukuu huwa nafungua. Nikamwambia sikukuu watu hula majumbani mwao. Akaitikia kwamba ni kweli, akashukuru, akaondoka. Nilipofika kwangu sufuria ya pilau ilinisuta, nikamtuma Kulwa amkimbilie na sahani. Kulwa alirudi akasema amempa, na kwamba alikuwa amekaa kitandani na viatu amevaa.

Msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Alikuwa na kisirani cha asubuhi, na alikuwa bahili wa maneno ya kusifu, ukimpikia sato wa kukaanga akala mpaka miba, atasema, "Hapakuwa na shida." Na huyohuyo aliyetuhubiria kwamba tone moja la petroli linaharibu maji ya watu wengi, pikipiki yake ilikuwa inavuja. Niliona kikopo cha nyanya alichokifunga chini ya tangi kwa waya. Nilipomwonyesha kidole alishtuka kama mwanafunzi aliyekutwa na kipisi cha sigara. "Sina nafasi ya kuitengeneza," akasema. Nikamwambia na mwenye kituo cha mafuta naye alisema hivyohivyo. Wiki nzima hakunisalimia vizuri, lakini pikipiki aliipeleka kwa fundi.

Habari ya mwenye kituo nayo ina mambo yake. Mwanzoni Bwana Udongo alikuwa na hakika kwamba petroli inatoka kituo kikubwa cha barabarani, maana ardhi pale imeinuka na visima vyetu viko bondeni. Akakifunga. Vijana wa pampu wakakosa kazi, mwenye kituo akaapa hajavujisha hata kibaba. Miezi ikapita, Bwana Udongo akachimbua matangi yote, yakawa mazima kama yai. Ndipo akagundua kwamba maji ya chini kwa chini hayafuati mteremko tunaouona sisi. Yalikuwa yanatoka upande wa pili kabisa, mahali palipokuwa na kituo kingine, enzi za nyuma, kilichokufa pamoja na mwenyewe. Juu yake watu walikuwa wamejenga vibanda vya mitumba na tangi limebaki chini, limesahaulika, limeoza, linajililia polepole.

Wakubwa wake walitaka jambo lile liishe kimyakimya. Yeye alikwenda kituoni Jumamosi, siku ya gulio, watu wamejaa. Akasimama kati ya pampu akasema kwa sauti, "Mzee wangu, nilikosea. Mafuta si yako. Nimekuharibia jina na nimekuja kulirudisha." Nami nilikuwapo gulioni. Nilitegemea wakumbatiane, maana ndivyo ingefaa. Mwenye kituo alimwambia, "Umemaliza? Toka hapo, kuna gari inataka mafuta." Bwana Udongo akasogea pembeni, gari likaingia.

Kulisafisha eneo lile ndiko kulikompa jina hata kwa watoto. Tangi lilitolewa, na udongo ulioloa petroli ukachimbwa na kupelekwa nje ya mji, ukatandazwa juu ya maturubai kama tunavyoanika mpunga. Kila siku aliupitia kwa reki akiugeuza. Kisha akawafuata wafugaji akiomba samadi. Alisema mle ndani kuna vijidudu visivyoonekana ambavyo hula mafuta, lakini petroli tupu haivitoshi, vinataka na samadi, maji na hewa. Mfugaji mmoja akamwuliza kama anaulisha udongo samadi, je, ukishiba utazaa? Watoto wakatunga wimbo, Bwana Udongo kaulisha udongo, udongo ukamla Bwana Udongo. Waliuimba akipita, na mara moja nilimsikia akiupiga mluzi mwenyewe.

Alikuwa na misemo yake. Akiulizwa lini atamaliza, alijibu, "Petroli haina haraka, nami sina." Tukilalamika, alisema, "Ardhi inasamehe, ila polepole." Nikamwambia ardhi yake inasamehe kama mama mkwe.

Baada ya muda ofisi iliamua kwamba visima vyote vilivyobaki vya mtaa wetu vifukiwe kwa zege, mambo yaishe. Wengi walikubali, bomba la ziwa lilikuwa limefika. Mimi nilikataa. Nilimwendea Bwana Udongo nikamwambia pale uani ndipo mikono ya Baba Kulwa ilipo. Kaburi lake liko Mhunze kwa ndugu zake, ninakwenda kwa nadra, lakini kisima ninakiona kila siku. Nikilifukia lile shimo nitakuwa nimemzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.  Kwenye kikao aliwaambia wakubwa wake kisima changu kiko pembezoni, kinaweza kupona, na kwamba yeye atabaki kukiangalia. Vijana wake wakafunga mizigo wakaondoka. Yeye akabaki na pampu ndogo ya kupuliza hewa chini ya ardhi, boksi la barafu na vichupa vyake.

Kilichofuata kilikuwa mchezo wa kuchosha roho. Kiangazi kipimo cha petroli kilishuka, tukafurahi, nikaanza kuota ndoo zikiteremka kisimani. Mvua ikinyesha, maji ya chini yanapanda, yanaigusa petroli iliyokwama kwenye udongo wa juu yake, na harufu inarudi. Mwaka wa kwanza hivyo, uliofuata hivyo. Kila aliposema bado nilimtukana kidogo, kisha nikampa chai.

Ni wakati huo mkewe alipokuja. Alishuka basi la kutoka Dodoma na binti yao, Neema, msichana mrefu mkimya aliyekuwa na pua ya baba yake. Walikaa meza ya kona. Nilikuwa naosha vyombo, na mgahawa wangu hauna siri.

"Baba Neema, wenzako wote wamerudi. Wewe umebaki na nini huku?"

"Kuna kisima kimoja."

"Cha nani?"

Alielekeza kidevu jikoni. Mwanamke yule akaniangalia kuanzia kilemba mpaka ndala, na mimi na mwiko wangu nikajiona mtuhumiwa. Akainuka, akapita jikoni bila hodi, akaenda uani. Alikaa huko kitambo. Aliporudi hakuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ningekuta mwanamke mwenzangu ningejua pa kuanzia," alisema. "Nimekuta shimo lina kufuli."

"Mvua zikipita nitajua," alisema Bwana Udongo.

"Mvua za wapi? Kwetu hazisubiriwi hivyo." Akanigeukia mimi. "Dada, samahani kwa kupita jikoni kwako." Akamshika binti mkono. Neema aligeuka mlangoni kumtazama baba yake, na baba yake alikuwa anatazama meza.

Tangu hapo, kila nilipomwona nilimsukuma aende kwao. Nilimwambia mwanamke hawekwi akiba, mtoto hukua na hangoji majibu ya maabara. Nilimwuliza, "Wa nyumbani hawajambo?" Alijibu, "Wanaendelea vizuri, wanakusalimu." Hata alipohamishiwa Geita, ambako mapipa ya mafuta ya mashine za wachimbaji yalikuwa yameharibu maji ya kitongoji kizima, aliendelea kuja kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, kupima kisima changu. Ofisi haikumtuma. Alifungua kufuli, akateremsha kichupa kwa kamba, akakivuta, akakilaza kwenye barafu, akanywa chai, akaondoka. Sijui nini kilinifanya nianze kuzihesabu akilini siku za kuja kwake. Labda kwa sababu Kulwa alikuwa ameolewa Mwanza na Doto yuko masomoni, na mgahawa una kelele mchana tu.

Mara ya mwisho alikuja mvua zimekatika, mpunga umeanza kuvunwa. Nilijua kabla hajashuka kwenye pikipiki. Alikuwa amenyoa ndevu.

"Mama Kulwa, safi. Misimu miwili ya mvua mfululizo, na yote safi. Ofisi imekubali. Tunafungua."

Nililia. Nilipiga vigelegele na huku nalia, majirani wakadhani kuna msiba wakaja mbio. Nilishika ukingo wa kisima nikamwita marehemu kwa jina lake, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya kumzika. Bwana Udongo alisimama pembeni ameshika kufuli lake, anatabasamu kama mtu aliyealikwa harusini na hamjui bwana harusi. Nilipopata pumzi nikamshika mikono yote miwili.

"Wabeja sana, baba. Asante. Sasa nenda nyumbani. Umemaliza. Kesho panda basi uende kwa mkeo, na mimi nitakufungia kuku wa njiani."

Akanitazama kwa upole.

"Mama Neema aliolewa kwingine, Mama Kulwa. Zamani. Hata mwaka ule alipokuja hapa ulikuwa haujaisha."

"Lakini kila siku unaniambia wanaendelea vizuri!"

"Wanaendelea vizuri. Neema ana mtoto sasa. Nasikia."

 Nilitaka kumwambia abaki, akae, niinjike chai. Nilitaka kumwambia kwamba kama kisima kimepona yeye bado ana sababu ya kuja, hata asiposhika kichupa. Yote hayo yalinijia kwa mpigo, na wakati huohuo wanawake wa mtaa walikuwa wanamiminika uani na ndoo zao, wengine wasichana walioolewa mtaani juzi ambao hawakumjua kabisa. Mmoja alimwuliza kama yeye ndiye fundi wa kamba, aje aitazame, imechakaa. Akaenda akaitazama, akaifunga fundo jipya, akawateremshia ndoo ya kwanza. Shangwe ikalipuka. Niliburutwa katikati, nikakumbatiwa, nikamwagiwa maji.

Nilipojinasua, kofia yake ya pikipiki haikuwapo juu ya meza. Nilitoka mbele. Alikuwa ameshaifikisha pikipiki kwenye lami. Nilimwita, nikaita tena kwa nguvu, lakini kelele za uani zilikuwa kubwa, na sina hakika kama hakusikia. Akaiwasha, akashika barabara ya vumbi ya Kakola kuelekea Geita. Nilisimama pale mpaka vumbi likatulia. Kisha wakaniita wenye ndoo, maana walikuwa wameanza kugombana foleni, nikarudi kuwapanga.